Ngata Chini ya Debe

Ipyana, Alhamisi jioni

Lusajo mwanangu,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana uko chumba cha pili na nakusikia. Unapiga pasi shati lile lile kwa mara ya tatu, huku unaimba sauti ya pili ya wimbo ambao hauna sauti ya pili. Ningeweza kuja kukaa kitandani kwako tukaongea kama watu. Nimejaribu mara mbili tangu saa kumi, mara zote mbili nikaishia kukuuliza kama umefunga sabuni. Kwa hiyo nimechukua daftari lako la zamani, nimekaa jikoni, nakuandikia. Nikimaliza nitaisukuma barua hii chini ya mlango wako. Uisome ukiwa bado ndani ya nyumba yangu, ili ukitaka kuniuliza usilazimike kutafuta nauli.

Mambo ya sweta, dawa ya malaria na kutokula ovyo njiani nimeshayasema mpaka umeanza kuniitikia kabla sijamaliza sentensi. Hayo yaishie hapo. Kesho unakwenda kusomea uinjilisti kwa gharama ya kanisa, na ukimaliza utasimama mbele ya watu upokee walivyovuna. Hiyo ndiyo inayonitia hofu, kwa sababu kazi hiyo nimeifanya mimi, na nimeifanya vibaya.

Unalijua debe la kanisa. Umekua ukiliona uvunguni mwa kitanda changu, na ule msalaba wa rangi nyekundu ubavuni. Kila mavuno mimi, mzee wa kanisa wa mtaa wetu, nilikwenda nalo shambani kwa watu wakiwa wamemaliza kupura na kupepeta, tukapima fungu la kumi pale pale kwenye turubai. Na wewe ulikuwa unatangulia na panga dogo, unakata majani makavu ya mgomba, unanisukia ngata, tunaliweka debe juu yake. Watu walipenda sana ile ngata. Walisema Mama Lusajo ana adabu, hataki chombo cha Mungu kiguse udongo. Hata mchungaji aliwahi kuisema kanisani.

Lusajo, ile ngata haikuwa adabu. Debe lile haliwezi kusimama bila ngata, kwa sababu chini lina tumbo. Na tumbo lile nililitoa mimi kwa mchi.

Nitakueleza ilivyokuwa, na usitafute mahali pa kunitetea, maana najua tabia yako.

Ulikuwa na miaka minne, baba yako hajatimiza hata miaka miwili kaburini. Kanisa letu lilikuwa bado la nyasi, kila masika linavuja mpaka kwenye meza ya Bwana. Likapitishwa azimio la kununua bati, kila mtaa ulete mpunga wake. Mchungaji wa wakati ule alikuwa na utaratibu wa kusoma mitaa kwa majina baada ya mahubiri, kuanzia uliotoa sana hadi uliotoa kidogo. Kabla hajasoma alitusomea kwanza maneno ya nabii kuhusu watu wanaomwibia Mungu, halafu anasoma, halafu ananyamaza kwenye jina la mwisho. Mwaka ule jina la mwisho lilikuwa la mtaa wetu. Nilikuwa nimekaa kiti cha wazee, mbele, nikitazamwa na kanisa zima. Watu wa mtaa wa Talatala, waliokuwa wa kwanza, waligeuka kutuangalia. Mmoja wao alinicheka wazi, nami nilikuwa mjane mwenye kitenge kilichopauka na kiburi ambacho hakijawahi kupauka.

Watu wa mtaa wetu hawakuwa wavivu. Mafuriko ya mto Songwe yalikuwa yamechukua mashamba ya chini. Ningeweza kusimama niseme hivyo. Badala yake nilirudi nyumbani na hasira, nikajiambia kwamba mwaka ujao hakuna atakayetucheka. Mavuno yaliyofuata yalipokaribia, nikamwaga mchanga wa mto uani, nikalisimamisha debe juu yake, nikaingiza mchi ndani nikaanza kutwanga polepole, kona moja baada ya nyingine, mpaka sakafu ya debe ikashuka. Ukilitazama kwa juu huoni kitu. Ukitia mpunga, linakula vibaba vya ziada kabla ya kujaa.

Mama Tumpe alikuwa anapita kwenda mtoni. Akaita kwenye ua, "Ugonile, Mama Lusajo! Unatwanga nini leo kinachopiga kelele hivyo?"

Nikamjibu, "Nanyoosha bati la banda la kuku."

Uongo wangu wa kwanza juu ya debe lile nilimwambia yeye. Kumbuka jina lake.

Mwaka ule mtaa wetu ukawa wa kwanza. Nikaitwa mbele, nikapigiwa makofi, akina mama wakapiga vigelegele, nikavishwa kitenge kipya begani. Nitakuambia ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu: nilifurahi. Sikuhisi hatia hata kidogo. Nilijiambia sikula hata punje moja, kila kitu kimekwenda kwenye bati, na bati lile lipo mpaka leo, mvua ikinyesha tunasikia. Lakini nilikuwa nimechukua kwa watu kitu ambacho hawakukitoa, kisha nikapigiwa makofi kwa niaba yao. Mtu akitoa moja ya kumi anajua ametoa nini na amebakiza nini. Mimi niliwanyima hata kujua walichotoa. Siku utakapoitwa mbele kupongezwa kwa sababu watu wako wametoa sana, mwanangu, urudi kwanza uangalie nyuma ya nyumba zao wanapika nini.

Kama ingeishia kwenye fungu la kumi, labda ningekufa nalo. Haikuishia.

Zamani mpunga wetu ulinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, na mara nyingi walitulipa ahadi. Halafu mambo yakawa ruksa. Magari ya watu binafsi yakaanza kuingia kijijini, kila mnunuzi na debe lake, na madebe yao yalikuwa yamepondwa pondwa kila upande. Watu wakalia. Ukaitwa mkutano kwenye godauni la ushirika, ambalo lilikuwa limebaki la popo tu. Wengine walitaka kuwafukuza wanunuzi, wengine walitaka kupiga watu. Mama Tumpe akasimama. Unajua alivyo, hapandishi sauti.

Akasema, "Mimi sitaki debe la mfanyabiashara wala debe la mwenyekiti. Tupimiwe kwa debe la kanisa. Lile halijawahi kumdhulumu mtu. Na ashike Mama Lusajo mwenyewe."

Godauni zima likapiga makofi. Wakageuka kunitazama, kama siku ile ya mtaa wa mwisho, ila safari hii kwa upendo. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hakuna aliyenikaba koo. Ningesema debe ni bovu tu, hata bila kueleza sababu, wangetafuta lingine. Nilisema, "Kama kanisa likikubali." Na kanisa, bila shaka, likakubali.

Tangu siku hiyo, kila gunia lililouzwa mtaa huu lilipita juu ya ngata yako, na kila gunia liliacha kitu kwa mnunuzi bila malipo. Nilichokuwa nimemtengenezea Mungu, nikawapa wenye magari. Nilikaa pale mnadani na kitambaa changu kichwani, nikihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na watu wakinishukuru. Ndaga fijo, mama mzee, ndaga fijo.

Mtu mmoja tu aliona. Unamkumbuka Bwana Idi, yule mnunuzi wa ng'ambo ya Songwe mwenye kofia ya kufuma, aliyekuwa anakuletea pipi? Bei yake ilikuwa nzuri kuliko ya wote. Siku moja aliinama kunisaidia kuinua debe, akaisogeza ngata kwa mguu bila kukusudia, debe likatua chini likayumba. Akalitazama. Akaingiza mkono ndani mpaka chini, akapapasa. Watu walikuwa mbali kidogo, wanafunga magunia.

Akaniambia taratibu, "Mama, kipimo hiki mimi siwezi kununulia. Kwetu jambo la kipimo tunaliogopa sana. Tafuta debe lingine, nitasubiri."

Alikuwa ananipa mlango, Lusajo. Debe lile lilikuwa linamfaidisha yeye, na yeye ndiye aliyelikataa. Mimi nikapandisha sauti watu wasikie, nikasema, "Kama hulitaki debe lenye msalaba, nenda kanunue kwa wasio na msalaba!" Wakaja, wakauliza kuna nini, nikawaacha waelewe walivyotaka. Wakamwambia maneno mabaya, mtu ambaye bibi yake amezikwa Katumba hapa hapa. Alipanda gari lake, na hakurudi tena mtaa huu. Nasikia bado ananunua upande wa mpakani. Ukikutana naye mahali popote, msalimie kama baba yako, halafu mwambie wewe ni mtoto wa nani.

Sasa nafika mahali ambapo mkono unanigoma.

Mwaka mliofaulu kwenda sekondari, wewe na Tumpe, mama yake alilima kama mwanamume. Alipura peke yake, akapima nyumbani kwa debe lake la mafuta ya kula, akaona magunia yanatosha ada na sare, na yanabaki ya kula. Akaleta mnadani. Nikampimia. Jioni alikuja hapa, akasimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Mama mzee," akasema, "nyumbani nilipima yakatoka magunia kumi. Kwako yametoka tisa na kipande. Labda nilikosea kuhesabu?"

Nikamtazama usoni nikamwambia, "Labda ulikosea."

Akaniomba radhi. Unasikia? Aliniomba radhi kwa kunisumbua, akaondoka. Ada ikapungua, mwenye shule hakusubiri, na nafasi ya Tumpe akapewa mtoto mwingine. Likizo yako ya kwanza uliniuliza kwa nini Tumpe haji shuleni, wakati alikuwa anakushinda hesabu. Nilikuwa napepeta mchele, sikuinua hata kichwa. Nikakujibu, "Wengine hawapendi shule." Najua uliamini, kwa sababu niliona baadaye unavyomsalimia, kwa juu juu, kama mtu aliyejitakia.

Tumpe alipenda shule, Lusajo. Alipenda kuliko wewe.

Usifikiri sikujaribu kutengeneza. Mwaka uliofuata nilinunua debe jipya, zima, chini tambarare. Nikalipeleka mnadani, wakalikataa. Walisema la dukani hawalijui. Mama Tumpe mwenyewe alisema, "Turudishie letu." Nikajaribu kulitwanga la zamani kwa nje lirudi, nalo linarudi likiwa tupu, ukitia mpunga tumbo linashuka tena. Ningeweza kulitoboa. Ningeweza kuliacha barabarani likanyagwe na lori, nikasema ajali. Niliwaza yote hayo, sikufanya hata moja, na sababu ni ya aibu: bila debe lile nisingekuwa mama mzee wa kusalimiwa kwa magoti. Ningekuwa mjane tu kama wajane wengine. Basi nikawa natoa. Fungu langu la kumi nikalifanya fungu la tano. Kuku, ndizi, kakao, kila Jumapili nina kitu mkononi, nikidhani nikitoa sana kile kinachonisuta kitanyamaza. Hakikunyamaza. Nilikuwa nampelekea Mungu vitu ambavyo vilipaswa kurudi kwa Mama Tumpe, na Mungu hakuwa amenidai.

Ukiwa mwinjilisti utakutana na watu wanaotoa hivyo. Utawajua kwa haraka yao. Usiwapokee tu kwa sababu kanisa lina shida ya saruji. Kaa nao, waulize kwa upole kuna nini, hata kama jengo litachelewa.

Jumapili iliyopita kanisa lilipokuaga, watu walileta walichonacho. Ulimwona Mama Tumpe alivyokuja na mchele kichwani, debe zima, umechambuliwa hauna hata chuya moja, ule wa kunukia anaouweka wa mbegu na wa wageni. Aliupima kwa debe la kanisa ili nadhiri yake ya debe moja iwe kamili. Akaniwekea mbele yangu, akasema, "Wa njiani wa mwinjilisti wetu." Nikasema ndaga fijo. Nikashindwa kumtazama. Nilirudi nyumbani sikula, nawe uliniuliza kama nalia kwa sababu unaondoka, nikasema ndiyo.

Nilikaa na jambo hili siku nne. Nikajipangia hivi: nisubiri miaka mitatu umalize chuo, uvae kanzu yako, halafu ndipo niseme. Maana nikisema leo, nitavuliwa uzee wa kanisa na kutengwa na meza ya Bwana, hilo nimelikubali. Lakini wewe? Ada yako inatoka kwenye mpunga wa watu hawa. Wakikasirika wakasema mtoto wa mwizi wa vipimo asisome kwa jasho letu, nani atawalaumu? Niliona kusubiri ni busara ya mama. Leo mchana nikiwa nafagia uvunguni nikaona debe lile, nikaelewa kwamba miaka mitatu mingine ya ada yako itakuwa inapimwa kwa hilo hilo. Ningekuwa nawachukulia tena, na safari hii kwa ajili ya mwanangu.

Nikalitoa. Nikaenda nalo kwa Mama Tumpe. Sikuchukua ngata.

Nililiweka sakafuni kwake, kwenye saruji, likayumba, likalala upande. Tumpe alikuwa barazani anaziba pancha ya baiskeli yake. Nikasema yote, kuanzia bati la banda la kuku. Nilipofika kwenye "labda ulikosea" Mama Tumpe aliacha kunitazama, akamtazama Tumpe, na Tumpe akaendelea kusugua mpira na msasa mahali pale pale ambapo palikuwa pameshasuguliwa. Nilipiga magoti. Mama Tumpe akasema, "Inuka, sakafu yangu sijadeki." Nikainuka. Nilitamani anipige.

Mama Tumpe akauliza, "Lusajo anajua?"

"Hajui."

"Anaondoka kesho?"

"Kesho alfajiri."

Akasema, "Basi mwambie kabla hajapanda gari. Sitaki mtoto akale mchele wangu huko hajui alichokula."

Nikamwambia mchele nitaurudisha jioni hii hii. Hapo ndipo alipandisha sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mchele ule nilimpa yeye! Sikukupa wewe. Una mazoea ya kushika vitu vya watu na kuamua viende wapi. Uache!" Kisha akashusha sauti. "Wewe tutaonana Jumapili kanisani. Debe libaki hapa."

Kwa hiyo debe halipo uvunguni, usilitafute. Jumapili nitasimama kabla ya matangazo. Hakuniambia kwamba amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza. Wewe pia sikuombi unisamehe kwa sababu tu kesho unasafiri na watu huwa wanalainika stendi. Wakikurudisha kutoka chuoni, rudi na kichwa juu, tutalima. Wasipokurudisha, soma, na ujue anayekulipia ni nani, kwa jina na kwa sura. Na ukifika siku ya kuwapimia watu, weka chombo chako chini wote wakione, na mtu akikuambia hesabu yake haikutoka sawa na yako, anza kwa kuamini yeye.

Umeacha kuimba. Nadhani umemaliza pasi. Nakupenda mwanangu, na nimekupenda vibaya, na bado ni kupenda.

Jambo moja tu la kesho. Tulikuwa tumepanga na Tumpe aje na baiskeli kukubebea mzigo hadi stendi. Nilipokuwa natoka kwao leo nilimwambia asijisumbue, nitatafuta mtu mwingine. Akajibu bila kuinua macho kwenye mpira wake, "Nilisema nitakuja, nitakuja."

Atakuja saa kumi na moja. Mfuko wa mchele ni mzito na njia ina matope. Msalimie vizuri, halafu ushike upande wa pili wa baiskeli msukume wote.

Mama yako